Lifti ina foleni, idara haziongei, bosi anataka kuvunja kuta: uanzie wapi?

"Habari mtaalamu. Mimi ni mdada, afisa utawala kwenye taasisi moja hapa Arusha mjini. Jengo letu lina ghorofa 7 juu ya ile ya chini, wafanyakazi tupo kama 280 na wateja wanafika hata 100 kwa siku. Lifti ni mbili, kila moja ya watu 8. Asubuhi foleni ya lifti inafika mpaka mlangoni, mchana hivyohivyo. Mteja anachukua fomu floo ya 2, anapanda ya 5 kusainiwa, anashuka chini kwa keshia kulipa, halafu anarudi tena ya 5 na risiti. Idara nazo haziongei kabisa, watu wa floo ya 3 hawawajui wa floo ya 6 na kazi zinakaa mezani mwa watu wiki nzima. Bosi ametoka safari, huko kaona ofisi za wazi, sasa anataka tuvunje kuta zote za ndani ili watu waongee. Mwenzangu wa manunuzi anasema hiyo hela bora tununue lifti mpya zenye spidi. Mimi ndo nimeambiwa niandike pendekezo na naogopa kupoteza hela ya ofisi. Halafu mlango wa ngazi za dharura huwa unafungwa kufuli sababu ya wizi, sijui kama na lenyewe linahusika. Naomba ushauri."

Asante sana dada yangu, na hongera kwa kuniwekea namba, wengi wanaandika tu "ofisi yetu ina msongamano" halafu nabaki nauliza maswali wiki mbili. Nikikuelewa vizuri una shida mbili: watu wanajazana mahali ambapo wangetakiwa wapite tu, na hawakutani mahali ambapo wangetakiwa wakutane. Wengi wanaziona ni shida tofauti, moja ya fundi lifti na nyingine ya HR, ila kwa jengo kama lenu mzizi ni mmoja, yani nani amekaa wapi na shughuli gani imewekwa floo gani. Ushauri wangu wote hapa chini unatokana na hilo: hamisheni watu na meza kwanza, tofali na lifti vitafuata baadaye kama bado vitahitajika.

Ila kabla ya yote kufuli. Hilo linahusika kuliko yote uliyoandika na halisubiri pendekezo wala kikao. Moto ukitokea lifti haitumiki, kwa hiyo watu 280 pamoja na wateja wote wanategemea ngazi, na kama ngazi za dharura zimefungwa basi wote wanaishia kwenye ngazi kuu ambayo mara nyingi iko wazi na moshi unapanda humohumo. Mwenye ufunguo anaweza kuwa amekwenda kula. Wizi una dawa yake: kuna vitasa vya kusukuma kwa mwili, ukiwa ndani unasukuma tu mlango unafunguka, ukiwa nje hauwezi kuingia, na unaweza kufungiwa kengele inayolia mtu akiutumia bila sababu. Toeni kufuli leo, muweke mlinzi pale kwa muda mpaka kitasa kipatikane, na muwaite Zimamoto na Uokoaji waje wakague, ni kazi yao na wanatoa ushauri. Pia hakikisha mlango unafungukia upande watu wanakokimbilia, na kwamba kule kwenye ngazi hamjageuza stoo ya viti vibovu na mafaili ya zamani, manake hilo nimelikuta majengo mengi Arusha na Moshi na kila mara linanitisha.

Sasa tuje kwenye lifti. Mwenzako wa manunuzi anadhani tatizo ni spidi, na hilo ndo kosa ninalokutana nalo zaidi. Lifti ya ofisini ni kama Hiace ya Sakina kwenda mjini, kinachoichelewesha sio injini bali vituo. Watu 8 wakiingia bila mpangilio kwenye jengo la ghorofa 7, kwa hesabu ya uwezekano itasimama wastani wa mara 5 kabla haijamaliza. Kila kusimama kuna kupunguza mwendo, mlango kufunguka, aliye nyuma kabisa kujipenyeza atoke, mlango kujifunga, halafu kuondoka tena, weka sekunde 10, kwa hiyo 50 zimeshaenda. Kupanda na kushuka kwenyewe ni kama mita 23 kila upande, kwa lifti ya mita 1 kwa sekunde hiyo ni sekunde 46. Ongeza 15 za watu kuingia pale chini. Jumla ni 111, yani karibu dakika 2 kubeba watu 8. Kwa dakika 20 za asubuhi lifti zako mbili zitabeba watu kama 170, na nyie mko 280, na hapo nimechukulia zinajaa kila safari na hakuna anayezuia mlango kumsubiri rafiki yake.

Ukinunua lifti ya mita 1.6 kwa sekunde, hizo 46 zinashuka kuwa 29. Umeokoa sekunde 17, na hata hizo hutazipata zote sababu lifti inayosimama karibu kila floo haipati nafasi ya kufikia spidi yake ya juu. Ndo maana nasema hela hiyo isitoke kwanza.

Punguza vituo. Kuanzia saa moja na nusu mpaka saa mbili na robo, watu wa ghorofa ya 1 na ya 2 wapande ngazi, lifti moja ihudumie ghorofa ya 3, 4 na 5 tu, na nyingine iende ya 6 na 7 tu. Ile ya kwanza itasimama mara 3 na haifiki juu kabisa, ya pili itasimama mara 2, zote zinashuka kwenye sekunde 80 hivi kwa mzunguko. Kwa dakika 20 zilezile zina uwezo wa watu 240, na kama kila floo ina watu 40 basi wanaozihitaji ni 200. Hujanunua kitu. Ya kwanza ndo itabanwa zaidi maana ina floo tatu, kwa hiyo ukiona foleni inabaki upande huo hamasisha wa ghorofa ya 3 nao watembee. Lifti nyingi fundi anaweza kuziwekea huo mpango kwenye mitambo yake, na kama zenu ni za zamani haziwezi, karatasi kubwa ukutani na mlinzi mmoja wiki mbili za mwanzo vinatosha watu kuzoea. Mwenye ulemavu, mjamzito, mgonjwa na mwenye mzigo wanapanda lifti yoyote saa yoyote na wasiulizwe maswali, hilo liandikwe kabisa kwenye tangazo.

Kuna kitu hujaniambia: je mnasaini kwa kidole, na mashine iko wapi? Kama iko pale chini kwenye mapokezi na mtu akipita saa mbili kamili anahesabiwa amechelewa, basi nyie wenyewe ndo mnatengeneza foleni, sababu kila mtu analenga dakika zilezile kumi za mwisho, wanajazana kwenye mashine halafu wanajazana kwenye lifti wakiwa kundi moja. Gawanyeni hizo mashine zikae kwenye floo, au ruhusuni nusu ya idara zianze saa mbili kamili, zilizobaki zianze nusu saa baadaye, na kutoka vivyo hivyo. Mchana pia msitoke wote saa saba. Mchana ndo mbaya kuliko asubuhi maana kuna wanaoshuka na wanaopanda kwa wakati mmoja, lifti inasimama kote kote.

Nakuja kwenye kile ambacho naona ni kikubwa zaidi kwenye barua yako na wewe umekitaja kwa kupita tu: safari ya mteja. Hebu ifuate kwa kidole. Chini kwenda ya 2, ya 2 kwenda ya 5, ya 5 kushuka kwa keshia, keshia kurudi ya 5, halafu kushuka kwenda nyumbani. Ni safari 5 kwa mtu mmoja. Kwa wateja 100 ni safari 500 kila siku ndani ya jengo lako, na hao ni watu wasiolijua jengo, wanasimama katikati ya koridoo wanauliza, wanafungua milango isiyo yao, mama wa watu ametoka Monduli na mtoto mgongoni anapandishwa ya 5 mara mbili kwa ajili ya mhuri. Hizo safari zote zinaweza kuwa sifuri. Fomu, saini na keshia viwe chini, kwenye kaunta tatu zinazofuatana, mteja aingie, asogee hatua chache, atoke. Wanaofanya kazi ambazo mteja hahitaji kuwaona, IT, ukaguzi, uhasibu wa ndani, wao ndo wapande juu.

Najua utakutana na upinzani. Anayesaini floo ya 5 amezoea ofisi yenye dirisha linaloangalia Mlima Meru, na kushuka chini kwenye kelele ataona ameshushwa cheo. Usilidharau hilo, zungumza naye kabla ya kikao. Mara nyingi si lazima ashuke yeye, anatosha msaidizi aliyepewa mamlaka ya kusaini fomu za kawaida, zile zenye utata peke yake ndo zipande. Na uliza swali moja rahisi: hiyo saini ya kwanza kabla ya kulipa inazuia nini hasa? Ukikuta haizuii kitu, iondoe, umepunguza foleni bila kuhamisha hata kiti.

Kwenye kaunta wekeni foleni moja inayogawanyika kwa wahudumu wote badala ya kila dirisha na foleni yake, inakuwa ya haki zaidi na mtu mmoja mwenye kesi ndefu hawakwamishi walio nyuma yake. Na foleni isikate njia ya kwenda kwenye lifti na ngazi, ielekee pembeni ukutani penye viti.

Halafu kitabu cha wageni. Jina, namba ya simu, unatoka wapi, unamwona nani, saa ngapi, saini, na kalamu imefungwa kamba fupi haifiki. Hiyo ni dakika nzima kwa mtu mmoja, kwa hiyo mlinzi mmoja mwenye kitabu kimoja hawezi kupitisha zaidi ya watu 60 kwa saa, na kwa kuwa watu huja kwa mafungu, daladala ikishusha wanakuja saba kwa pamoja, foleni inaanza kujaa hata kabla hawajafika hao 60. Huduma za wateja zikishuka chini, wanaoandika kitabu ni wale tu wanaopanda juu. Wengine wapite.

Kuhusu vibao sitasema mengi, ila msivitegemee sana. Mtu hasomi orodha ya idara 20 iliyobandikwa karibu na lifti, anasoma kibao pale anapotakiwa kuamua, kulia au kushoto. Hapa Arusha tuna mfano mzuri pale AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa, majengo yake matatu yana majina ya Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, kwa hiyo mtu anaelekezwa kwa jina analolijua tayari kabla hajaambiwa namba ya floo. Nyie mna jengo moja, lakini kila floo inaweza kupewa rangi na jina, na mlinzi akawa anaelekeza kwa hayo.

Sasa suala la kuongea, na kuta za bosi.

Nia ya bosi wako ni njema na usiende kumpinga kwenye nia. Pa kumsaidia ni kwenye matokeo. Mwaka 2018 Ethan Bernstein wa Harvard na mwenzake Stephen Turban walitoa utafiti wa makampuni mawili makubwa ya Marekani yaliyofanya hichohicho, yalivunja kuta yakawa ofisi za wazi. Wafanyakazi walivalishwa vifaa vya kupima nani anaongea na nani kabla na baada. Mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kwa karibu 70%, barua pepe na meseji zikaongezeka. Ukikaa chini ukafikiria inaeleweka kabisa. Mtu akionwa na kusikiwa na wenzake 40 hawezi kumuuliza jirani yake swali la kijinga, hawezi kuongea na mteja mkali kwenye simu kwa uhuru, anaogopa kusumbua, kwa hiyo anavaa hedifoni anainama kwenye kompyuta aonekane yuko bize. Ukuta ulikuwa unampa ruhusa ya kuongea na nyie mmeutoa.

Kinachofanya watu waongee ni ukaribu na njia wanazopita. Thomas Allen wa chuo cha MIT, Marekani, alifuatilia mawasiliano ya wainjinia kwenye maabara za utafiti miaka ya 1970 na akaona kwamba kadiri meza zinavyoachana ndivyo mazungumzo ya kazi yanavyoporomoka, tena haraka, mpaka zikifika mita 50 hivi watu wanakuwa kama wapo majengo tofauti. Kupanda floo nyingine kunahesabika kama umbali mkubwa hata kama kwa mita ni 4 tu. Na simu haizibi hilo pengo, manake wanaoonana mara kwa mara ndo haohao wanaopigiana simu. Bill Hillier na wenzake pale University College London nao walionyesha kwamba mpangilio wa njia zenyewe unaamua watu wapite wapi, koridoo iliyounganika na nyingine nyingi inapitwa na watu wengi, chumba kilichojificha baada ya kona tatu hakipitwi na mtu hata kiwe kizuri vipi. Kwa hiyo wa floo ya 3 kutowajua wa floo ya 6 si roho mbaya wala si utamaduni mbovu wa kazi, hawana sababu ya kupita sehemu moja.

Fanya hivi. Chukua faili moja ambalo huwa linakwama na uliandikie safari yake, kutoka meza ya kwanza mpaka ya mwisho, na siku lilizokaa kila meza. Fanya kwa mafaili kama kumi. Utaona meza zilezile zinapokezana, na hao ndo wanatakiwa wakae floo moja, ikiwezekana koridoo moja, bila kujali wako idara gani kwenye muundo wa taasisi. Hutaweza kumweka kila mtu karibu na kila mtu, itabidi uchague, na kuna watakaoachana na majirani zao wa miaka mingi na watalalamika. Chagua kwa faili, usichague kwa cheo.

Kingine ni chai ya saa nne. Ofisi nyingi mhudumu anazunguka na chupa za chai na chapati mlango kwa mlango, kila mtu anakunywa mezani kwake, ni huduma nzuri ila inaua nafasi pekee ya siku ambapo mtu wa manunuzi angemkuta mtu wa uhasibu bila barua. Wekeni sehemu mbili za chai, moja ghorofa ya 3 na nyingine ya 6, kando kabisa ya ngazi kuu panapoonekana, sio mwisho wa koridoo. Mbili, maana ikiwa moja mtajaza tena lifti saa nne. Pawe na meza ndefu za kusimama na viti vichache, ubao wa matangazo hapohapo, na asiyetaka kwenda asilazimishwe. Taa na rangi kwenye ngazi pia viangaliwe, ngazi safi yenye mwanga watu wanaitumia bila kuhimizwa na ndani yake wanasalimiana, ngazi yenye giza na harufu wanaikimbia.

Sisemi kuta zisivunjwe kabisa. Timu ya watu 6 au 8 wanaofanya kazi moja, wanaoulizana kutwa, chumba kimoja cha wazi kinawafaa sana, mradi kuwe na chumba kidogo pembeni cha kupokelea simu na kuongea ya siri. Kuondoa kuta baadhi kunaweza pia kuruhusu upepo kupita toka dirisha mpaka dirisha, na kwa Arusha hiyo inakuokolea hela ya AC, ingawa mwezi wa 7 baridi ikishika wenye meza dirishani watafunga madirisha na ugomvi utaanza.

Kabla ya kuandika pendekezo, hesabu. Weka vijana watatu, mmoja mlango mkubwa, mmoja kwenye lifti, mmoja kwenye ngazi, wapige mstari kwa kila anayepita na kila dakika 5 waanze kundi jipya. Fanyeni siku ya Jumatatu, siku ya katikati ya wiki, na siku moja ya mwisho wa mwezi. Halafu muombe ndugu au rafiki asiyelijua jengo akamilishe huduma kama mteja, wewe mfuate kwa nyuma kimya, uandike kila anaposimama na kila anapouliza. Namba zangu za juu ni za mezani, za kwako ndo zitakazomshawishi bosi. Jaribuni mpango wa lifti na kaunta za chini kwa mwezi mmoja, mhesabu tena.

Wataalamu wa kuja kwa miguu yao utawahitaji kwenye mambo haya. Kuta: usivunje hata mmoja kabla mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi hajaja kuziangalia, maana kwenye majengo mengine kuta za ndani zinabeba uzito au zinashikilia jengo lisiyumbe, na fundi wa mtaani akigonga akasikia patupu haina maana ni salama. Kama kuna nyufa mpya zinazotanuka, mwite hata kama hamvunji kitu. Ramani mpya ya ofisi ifanywe na mbunifu majengo aliyesajiliwa, na mwambie mapema kuhusu wenye ulemavu, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka wafikie huduma kama wengine. Njia ya kiti cha magurudumu iwe na mteremko usiozidi 1 kwa 12, yani sentimita 10 za kupanda zinataka urefu wa sentimita 120. Lifti ikisimama bila kulingana na sakafu, ikitingishika, au mlango ukijifunga na kumbana mtu, izimeni mpaka kampuni inayoihudumia ije, na ulizeni pia umeme ukikatika jenereta inabeba lifti zote mbili au moja. Na kama baada ya mwezi wa majaribio bado hesabu zinaonyesha watu wengi kuliko uwezo wa lifti, hapo sasa mwenzako wa manunuzi atakuwa na hoja, muiteni mtaalamu wa lifti mkiwa na hizo karatasi zenu za hesabu mkononi ili asiwauzie spidi.